Kipande cha Kijani

Wifi yangu, dada wa mume wangu, ana mdomo kuliko mimi, na mimi si bubu. Ni fundi cherehani. Mteja akija kuchukua nguo yake, humuuliza mbele ya watu: "Vipande vilivyobaki nikufungie?" Wengi humcheka. Vya nini? Baki navyo. Basi hubaki navyo, akavishona viwe mablanketi ya viraka.

Usidhani ni kuungaunga tu. Kila kipande hukifua kwanza, ajue kama kinachuja rangi. Kitambaa kinachoteleza hukishonea juu ya shuka kuukuu ili kitulie. Kila mshono hupigwa pasi kabla ya kuunganishwa na mwingine, na ukimharakisha atakupa pasi uendelee wewe. Watoto wangu wote wamekua wakijifunika nguo za sherehe za watu.

Kazi hiyo aliifanyia kwenye kibaraza cha duka la mwenye nyumba mmoja, ng'ambo ya barabara kutoka kwangu. Asubuhi moja alikuwa ameanika blanketi jipya kwenye waya. Mke wa mwenye nyumba akatoka, akasimama mbele yake kama aliyeona nyoka. Katikati ya blanketi palikuwa na kipande cha kijani chenye majani ya dhahabu. Kilibaki kwenye gauni alilovaa harusi ya mwanawe, kitambaa alichotutambia kwamba hakuna mwingine aliye nacho.

"Fundi, hiki ni changu."

"Kilikuwa chako, mama. Nilikuuliza, ukasema nitupe."

"Nilisema utupe. Sikusema ulalie. Umeiba."

Wateja waliokuwa wakisubiri wakaanza kutazama viatu vyao. Wifi akachukua wembe, akasema yuko tayari kukifumua sasa hivi amrudishie. Nikashusha pumzi, nikidhani yameisha. Lakini yule mama hakuwa na haja na kitambaa.

"Kesho, watu wakiwepo, utasema uliiba na utaniomba radhi. Hutaki, ondoa cherehani yako hapa kwangu."

Jioni tukamweka kitako, mimi na mume wangu.

"Dada, ni neno moja tu," mume wangu akasema. "Liseme, yaishe."

Nami nikaongeza kwamba kibaraza kile ndicho kinachomlisha, wateja wamekizoea, na kuomba radhi hakuui mtu.

"Kuomba radhi naweza," akajibu. "Nimeolewa mara mbili, nimeomba radhi mpaka kwa paka. Lakini nikisema niliiba, nani ataniachia kitambaa chake tena?"

Kesho yake watu wakajaa, maana umbea hauhitaji mwaliko. Wifi akasimama, akasema, "Sikuiba, mama," kisha akaanza kufungua cherehani. Yeye alibeba kichwa cha mashine, mimi miguu yake, tukavuka barabara hadi kwenye ukuta wa nyumba yangu.

Kwangu hakuna kibaraza, na jua la pale halina huruma. Akachukua lile blanketi, akalifunga kwenye miti minne liwe kivuli, akaliinamisha upande wa barabara. Viraka vyote vikatazama nje, na kile cha kijani kikaelekea moja kwa moja mlangoni kwa yule mama. Niliogopa. Sikufichi, nilifurahi pia.

Wateja wakakatika. Walipita upande ule wa pili, wakatusalimia kwa kidevu. Wifi alishinda akinoa mkasi na kutia mafuta cherehani isiyofanya kazi. Macho yakawa mekundu, na nilipomuuliza akasingizia vumbi.

"Wifi, tuligeuze basi," nikamwambia. "Kivuli ni kile kile. Viraka vikae ndani, nje ibaki shuka tupu ya upande wa nyuma."

Hakuinua hata kichwa. "Siku nitakayoligeuza ndiyo siku nitakayokuwa nimeiba."

Hasira zikanipanda, kwa yule mama, kwa wateja wenye macho ya viatuni, na kwangu mwenyewe niliyesema vile. Nikaingia ndani, nikafungua sanduku, nikatoa kitambaa changu kizuri ambacho miaka yote nilikuwa naogopa kukikata. Nikaenda kusimama katikati ya barabara, nikanyoosha mikono, nikamwambia wifi aje anipime hapo hapo, kibaraza kizima kikiona. Akaja na futi yake, akanizungushia, na kiuno changu akakitangaza kwa sauti iliyofika ng'ambo.