Kinywaji cha Njano cha Kabla ya Kula

Kaka yangu mkubwa, ambaye kwetu Bukavu tunamwita yaya, alikuwa barmani, mhudumu wa baa, wa miaka mingi katika hoteli moja ya kando ya ziwa. Tulipohamia Johannesburg akawa mlinzi wa maegesho ya magari, na mwaka 2018 akaugua. Hospitali walisema ni saratani ya tumbo na kwamba imeshaenea. Walichonituma nikafanye kilikuwa kimoja tu: ale. Akila, atakaa nasi muda kidogo. Asipokula, ataondoka upesi.

Nilipika kila nilichokijua. Bugali laini, sombe ya majani ya muhogo, samaki, supu ya mifupa. Aliitazama sahani kwa adabu, kisha akageukia ukuta. Mimi si mtu mpole. Siku moja niligonga mwiko kwenye sufuria mpaka wapangaji wenzetu wa upande wa pili wa pazia wakanyamaza.

"Unataka nini basi?" nikamuuliza.

"Apero," akasema.

Apero ni kinywaji cha kabla ya kula. Aliyoitaka yeye ni ile ya njano, ambayo Wafaransa huitengeneza kwa mzizi wa jentiani, mmea wa milimani kwao. Ni chungu kuliko kwinini. Pale hotelini aliwapa wageni na mapadre waliolalamika kwamba joto limewaondolea hamu ya chakula, na kabla glasi haijaisha walikuwa wakiulizia jikoni kuna nini. "Ile inafunguaka tumbo," aliniambia. Nilikereka. Wale mapadre hawakuwa na saratani.

Hata hivyo niliitafuta. Kazi yangu ni kusuka nywele katika saluni yangu ndogo, na nilikuwa na mteja Mkenya, mfanyakazi wa benki, niliyemsuka nyumbani kwake Randburg. Chupa ilikuwa juu ya friji yake, imejaa vumbi. Mumewe aliletewa zawadi.

"Chukua, dada, utakuwa umenisaidia," alisema. "Alionja akatema kwa sinki. Hiyo ni mwarobaini wamewekea lebo."

Nikaificha kwenye mfuko wa nywele za bandia nikapanda teksi kurudi kwetu Berea. Kanisani kwetu pombe ni dhambi, na fleti yetu nzima ilikuwa ya watu wa kanisani kwetu.

Aliyeigundua, siku hiyo hiyo, ni mama mmoja kiongozi wa maombi, aliyelala na binti zake upande wa dirisha. Nilijiandaa kwa mahubiri. Akafungua, akanusa, akadondosha tone kwenye ulimi. Uso ukamkunjamana kama kitambaa kilichokamuliwa.

"Aa, hii haiko pombe," akasema. "Pombe haiwezi kuwa chungu hivi. Hii iko dawa."

Hakuna aliyembishia. Sisi tumekuzwa kwa kwinini na majani machungu ya mama zetu. Kitu kitamu tunakishuku, kichungu tunakiamini. Bia ingemwagwa. Chupa hii iliombewa, ikawekwa karibu na vidonge. Kila asubuhi na jioni yule mama alimwinua yaya kichwa, akambana pua, akamtilia kijiko, na sisi wote tukasimama pale tukisema meza, meza. Alimeza huku machozi yanamtoka, na chakula hakukigusa.

Baada ya siku chache aliitema kwenye shuka.

"Munanifanya mutoto," akasema. Hakuwa amepandisha sauti tangu augue. "Hii haiko ya kijiko. Hii ni ya meza. Mutu anakaa, anangojea chakula, na anajua kitakuja."

Jumamosi nilifunga saluni mapema. Umeme ulikuwa umekatwa kwa zamu, kwa hiyo nikanunua barafu kituo cha mafuta nikaibeba nimeizungushia taulo. Nikaondoa cherehani ya jirani juu ya meza, nikatandika kitambaa. Yaya akataka shati lake jeupe. Lilimpwaya vibaya, lakini alilifunga vifungo vyote.

Alinielekeza akiwa ameketi. Glasi ipoe kwanza. Barafu kipande kimoja, usiizamishe. Kinywaji kidogo chini, maji ya soda juu yake. Ganda la limau ulikunje juu ya glasi mafuta yake yaruke, ndipo uliangushe ndani. Kando, ndagala kavu za chumvi, dagaa wa kwetu.

"Na wewe unywe," akasema. "Lakini usimeze upesi. Iache kwa ulimi. Kwanza itakukasirisha. Ngojea."

Nikaonja. Ilikuwa kama kulamba jembe lililotoka shambani. Nikangoja kwa hasira. Kisha udongo ule ukaniachia, ikaja harufu ya maua na ganda la chungwa, mate yakanijaa, na nikasikia njaa ambayo sikujua ninayo. Nilifurahi, nasema kweli. Yaya akacheka. Akamega bugali, akachovya kwenye sombe, akala. Akamega tena. Nilikwenda jikoni nikafungua bomba ili wasinisikie ninavyolia.

Basi ikawa desturi yetu ya jioni, jua likiwa bado kwenye madirisha ya ghorofa za mbele. Yule mama wa maombi alikuja kuketi nasi na soda yake, eti anamsindikiza mgonjwa. Baadaye akawa anaomba atiliwe tone. Yaya alizidi kukonda, ila alikula. Nilianza kuamini kwamba hospitali hawajui kila kitu.

Jioni moja alionja akaweka glasi chini, akanitazama kwa jicho la kazini.

"Umeongeza maji."

"Hapana, yaya."

"Mteja hadanganywi, dada yangu. Umetia maji mingi."

Nikamimina nyingine mbele yake, bila soda, bila barafu. Akaiweka mdomoni muda mrefu. Nami nikachukua ile ya kwanza nikaionja. Ilikuwa chungu vilevile. Ilinishika mpaka masikioni. Nilijaribu kutuliza uso nisimwonyeshe, lakini huyu alikuwa mtu aliyesoma nyuso za wateja maisha yake yote.

Akameza.

"Kumbe yenyewe iko sawa," akasema. "Ni miye."

Nikamsogezea sahani. Nikamwambia ale kidogo tu, nikamsihi, nikamfokea. Akairudisha upande wangu kwa vidole viwili, taratibu, kama alivyokuwa akiondoa sahani za wageni waliokwisha kula.

"Kesho usipike yangu," akasema. "Lakini meza uitandike."

Kesho yake nilinunua barafu, nikatandika meza.