Mawese Si Kimiminika

Mama yangu hakuwahi kugombana na serikali mpaka dada yangu alipojifungua huko Njombe. Dada alisema kwenye simu kwamba yuko salama, ila chakula cha huko hakimpandi na anatamani mawese ya nyumbani. Miguu ya mama ilikuwa imevimba, safari haikuwezekana. Basi mawese ndiyo yangekwenda kumlea mzazi kwa niaba yake.

Zamani mzigo ungepewa konda wa basi pale Mwandiga, na maneno mawili ya kumbembeleza. Siku hizi serikali inataka anayebeba vifurushi vya watu awe na leseni, na konda wetu hana. Alikataa hata kuishika ndoo ya mawese. Mama akasema serikali imekosa kazi. Nilipomweleza kwamba leseni ni ili mizigo isipotee, aliniuliza nimeajiriwa huko tangu lini.

Ikabaki posta. Karani, kijana mwenye tai, alimwamkia vizuri, akafunua ndoo, akaifunika.

"Mama, hiki ni kimiminika. Kanuni hairuhusu."

Ilikuwa asubuhi ya Julai, na mawese yalikuwa yameganda. Neno lile nadhani mama alilisikia kwa mara ya kwanza, lakini alilielewa haraka kuliko nilivyopenda.

"Kimiminika ni kitu kinachomiminika, siyo? Haya, kimimine."

"Mama, tafadhali..."

"Kipindue, mwanangu. Usiogope."

Foleni nzima ilikuwa upande wake. Karani akaifunua tena ndoo, akaipindua juu ya meza ya serikali, nami nikaanza kuchunguza dari. Hakikudondoka kitu.

"Sawa, hapa kimeganda," karani akasema. "Lakini gari linapita Tabora mchana, na jua la kule unalijua. Kitayeyukia barua za watu."

Mama akachukua ndoo yake. Tulirudi nyumbani Rusimbi, na tangu siku hiyo mgeni wa kutoka Tabora akija kwetu hupewa chai isiyo na sukari ya kutosha.

Kesho yake mama alikaanga dagaa kwa mawese yale yale, taratibu, mpaka wakakauka na mafuta yakabaki ndani yao. Akarudi kwa karani.

"Na hawa, wanamiminika?"

Karani alionja mmoja kwa ajili ya kanuni. Akaonja na wa pili, nadhani kwa ajili ya kanuni hiyo hiyo, kisha akagonga muhuri.

Kifurushi kilipofika, dada alipiga simu akiwa bado mlangoni pa posta ya Njombe, mtoto mkononi. Mama alikuwa amepanga dagaa wale wamtoshe mpaka mwisho wa mwezi, akauliza wamebaki wangapi.

"Mama, nimewamaliza. Nimekula nimesimama hapa hapa, watu wananiangalia."

Nilingoja mama acheke. Alikaa kwenye mkeka, simu sikioni, machozi yakamtoka.

"Mwana wanje, mwanangu," akasema, "ulikuwa na njaa yote hiyo, ukawa unaniambia uko salama?"