Isale la Kufukuza Kwale

Jamani, kuna aibu ukiisimulia watu wanacheka na wewe unacheka. Hii yangu mtacheka peke yenu, maana mpaka leo nikitoka misa pale Kirua natembea naangalia chini.

Nilikuwa nimepunguzwa kazi kiwandani Moshi (enzi zile viwanda vinauzwa, tunarudi mlimani na godoro kichwani), nikashuka kulima mahindi kwenye shamba la chini alilotuachia marehemu baba. Mama aliniomba kitu kimoja tu, nisimwachie jirani yetu Mzee Ndesario ule ukanda wa mpakani, ambao baba aligombana naye mpaka anaingia kaburini. Nikamwambia, mama, usiwe na shaka.

Basi nikapanda, kwale wakafukua, nikapanda tena, wakafukua tena. Muuza mbegu wa Himo akaniambia, "Paka sumu, wakidonoa wanalala hapohapo." Nikakataa, kwa sababu kwale haohao ndio wanaotumalizia mchwa na viwavi (nilijiona bwana shamba). Nikatandaza kanda za kaseti mbovu, zikawa zinavuma kwa upepo, kwale wakahama. Zikaniishia nimebakiza upande wa Ndesario tu, na badala ya kungoja nitafute nyingine, nikakata majani ya masale, ile mimea tunayowekea mipaka, palepale mpakani, nikayafunga mafundo kwenye kamba ili yakikauka yachakarike.

Mchagga mzima mimi! Isale lenye fundo ndilo analopeleka mkosaji kuomba msamaha, na akishalipeleka hakataliwi. Nami nimemtundikia jirani safu nzima.

Jumapili, watu wametoka misa, Mzee Ndesario akanikumbatia mbele ya wote. "Mwanangu, isale lako nimelipokea. Yale ya baba yako nimeyasamehe."

"Shikamoo baba. Yale... yale ni ya kwale."

Watu wakaangua kicheko. Katekista akanishika bega, "Usione haya, kukosa ni ubinadamu." Akina mama wanapiga vigelegele, na ulimi wangu (laiti ungekatika) ukasema, "Asante, baba."

Hiyo asante ndiyo iliyonimaliza. Wazee walipokuja kupima mpaka sikuweza kupinga, kwani aliyekwisha kushukuru kusamehewa si amekiri? Masale ya mpaka yakahamishiwa ndani ya shamba letu, ukanda ukawa wa Ndesario. Mama alisimama anatazama, akaniuliza taratibu, "Kwa hiyo baba yako alikuwa mwizi?" Ndesario naye alijua vizuri yale ni ya ndege, nilimwona anavyotabasamu.

Siku hizi sifungi fundo la jani lolote, hata mzigo wa majani ya ng'ombe naufunga kwa waya. Ule ukanda Ndesario aliupanda mahindi msimu uleule, mbegu akazipaka sumu, na kwale wangu niliowahurumia nikawa nawaokota wamekufa upande ambao si wetu tena.