Maua ya Mpapai Dume

Majirani wana methali yao: lisemwalo lipo. Sawa. Lililokuwepo kati ya Bi Sindano na seremala wa nyumba ya pili ni mpapai, na jambo hilo yafaa lielezwe na anayelijua, si na wachunguliaji wa madirishani.

Bi Sindano, jina alilopewa na wateja kwa ajili ya cherehani yake na ulimi wake, alirithi kwa mama yake chumba cha kushonea na mpapai uliokuwa nyuma ya nyumba. Mapapai yake yalikuwa mekundu ndani, na mama alizoea kumkatia pande kila asubuhi kabla hajaketi kushona. Mbegu zilitupwa pamoja na maganda. Nani huweka akiba ya kitu anachodhani hakiishi?

Baada ya maziko ya mama, kaka mtu alikuja kusafisha ua. Akaukuta mpapai wa pili, umening'iniza vishada vya maua na hauzai kitu, akaukata. Hakuwa na husuda, kama ilivyovumishwa. Alitaka dada yake apate nafasi ya kuanikia nguo, na hakuna aliyemwambia kwamba ule ndio dume, na jike hauzai bila dume.

Tangu hapo mpapai jike ukawa unachanua na kupukutisha. Tunda moja tu lilishika, dogo kama ngumi. Bi Sindano alilipasua kwa pupa: ndani tupu, hata mbegu moja hamna. Akakaa nalo mapajani, gauni la mteja likimngoja chini ya sindano. Mti wenyewe ulikuwa umezeeka na kuinama. Ukianguka bila kuacha mbegu, ladha ya mama imekwenda naye.

Ndipo alipobisha kwa seremala, mgane aliyeuacha mpapai wake dume usimame kwa kuwa ulimpa kivuli cha kupigia randa. Ikawa kila asubuhi, maua yakiwa mabichi, anakwenda kuyachuma, anarudi kupanda ngazi, na kuyagusisha ua kwa ua hadi chavua ishike kwenye maua ya jike.

"Leo tena umemfuata bwana harusi?" seremala humtania.

"Nipe maua, fundi. Maneno kawauzie wanaonunua."

"Hata nauli yake hulipi?"

"Bwana harusi aliyetimia huja kwa miguu yake."

Seremala alicheka, kisha akashika randa na asirandie kitu.

Matunda yakashika, yakajaa, yakaiva. La kwanza Bi Sindano alilila amesimama mlangoni, polepole, amefumba macho. "Ndilo lenyewe," alisema.

Mbegu za kwanza alizipanda na utelezi wake, zikaoza. Zilizobaki alizisugua kwa majivu hadi kile kigozi chenye maji kikatoka, akazioshea kwenye chujio, akazifukia katika makopo. Akangoja mpaka karibu akate tamaa. Asubuhi moja udongo ukapasuka, vikatoka vichwa vya kijani vimejikunja.

Kopo moja alilivusha kwa seremala.

"Huu ni dume au jike?" fundi akauliza.

"Haujulikani mpaka uchanue."

"Basi nitangoja."

"Ngoja. Mimi nimeshazoea," akasema Bi Sindano, na safari hii hakugeuka kuondoka.

Walichozungumza baada ya hapo ni chao. Anayetaka kukijua na ajitafutie kazi ya kufanya, hapa hakisemwi.