Ovaroli arobaini nilizopeleka kwenye visima vya mafuta

Admin, nakuomba jina langu libaki kwako. Mimi ni mama wa miaka 41, mzaliwa wa Tanga, naishi Guangzhou mwaka wa kumi na moja sasa. Nanunua vitambaa soko la Zhongda, nashonesha viwandani, nasafirisha. Haya ninayoandika hata mume wangu hayajui.

Mdogo wangu, tumenyonya ziwa moja, ni fundi wa kuchomelea mabomba kwenye visima vya mafuta vya nchi moja ndogo, siitaji. Nchi yenyewe bila petroli haina kitu. Bosi wake alitaka ovaroli arobaini za kitambaa kisichoshika moto. Mdogo wangu akadakia, "Dada yangu yuko Uchina, vitambaa anavijua kama watoto wake." Akanidhamini kwa mdomo wake mwenyewe.

Nikatuma sampuli. Bosi akaichoma, ikazima palepale, akakubali. Mimi sivuti sigara, lakini kiberiti cha gesi hakikosi mkobani mwangu. Sichukui jora kabla sijachoma uzi wake. Wauzaji wa Zhongda wananitania sana kwa hilo.

Siku ya kuchukua mzigo, mama muuzaji akaniambia, "Meiyou, kile hakuna mpaka mwezi ujao. Chukua hiki, rangi ileile." Kontena letu lilikuwa linafungwa Ijumaa. Nikakishika kiberiti ndani ya mkoba, nikakiachia. Nilijua nikichoma nitaona, na nikishaona nitashindwa kupakia. Jamani, sikudanganywa na mtu, nilijidanganya mwenyewe mchana kweupe.

Ovaroli zikafika. Mdogo wangu akanipigia video amevaa yake, anajizungusha kama bwana harusi. "Dada, nyepesi hizi! Zile za zamani zilikuwa zinatuchemsha. Watu wanakuombea dua huku." Nikamuuliza za zamani ziko wapi. "Ah, tumeshazikata matambara ya kufutia mashine."

Nikacheka naye. Simu ilipokatika nikachukua kipande kilichobaki, nikakichoma juu ya sinki. Kikawaka, kikayeyuka, kikadondosha matone ya moto. Nilikaa chini pale jikoni nikalia mpaka nikaishiwa nguvu.

Mnadhani nilisema ukweli? Wapi! Kitambaa chenyewe kilipopatikana nikashonesha ovaroli moja tu, kipimo cha mdogo wangu, nikaituma kwa ndege. Nikajiambia basi, nimemaliza. Wale wenzake thelathini na tisa nao wana dada zao, ila hilo sikutaka hata kuliwaza.

Nikisema, bosi atamfukuza kazi, maana yeye ndiye aliyenileta, na ana watoto watatu wadogo. Nami hapa Guangzhou nani ataniamini tena na mzigo wake? Nikinyamaza, kila simu inayoingia kutoka kule inanitoa jasho, nasema leo ndiyo leo, kuna mtu ameungua.

Jana akaniandikia: "Dada, nimeipata, ahsante. Mbona nzito kama zile za zamani? Na mbona umetuma yangu peke yake?"

Nimeusoma ujumbe wake, na anaona kwamba nimeusoma. Sijajibu mpaka sasa. Nitukaneni mkitaka, nastahili, ila mkishamaliza mniambie: huyu mtoto wa mama yangu nimjibu nini?