Jumapili Niliyomuua Kipkemoi Mara ya Pili

Wasee, nitawaambia, na mkitaka kucheka chekeni, kwa sababu mimi mwenyewe ndio nilianza kucheka, na ndio maana mpaka leo nikipita kwa kina Faith nainamisha kichwa kama mtu ameiba kuku.

Mnajua ile gemu yetu ya Jumapili tukitoka kanisa, hapo Kapkatet mezani kwa kina Faith: kila mtu ana shujaa wake, mimi nasimulia hadithi na kuendesha majitu, halafu tunarusha dadu kujua kama pigo limeingia. Sasa Dennis (huyo hupenda kushinda hata kwa kupiga mswaki) alikuwa amemvalisha shujaa wake chuma juu ya chuma, ngao, hirizi, mpaka kila Jumapili jitu langu linapiga hewa tu, naye ananiambia, "Ongeza bidii, boss." Iliniuma, aki. Nikaamua kitu kidogo tu, nikaliongezea jitu nguvu na shabaha mpaka hata Dennis aguswe.

Wengine sikuwafikiria. Shujaa wa Faith alikuwa mganga, amevaa shuka peke yake, na jina lake Kipkemoi. Hilo ni jina la kakake aliyefariki kabla hajaoa, hakuacha mtoto, na kwetu jina la marehemu hungoja mtoto azaliwe ndio liitwe tena. Faith alisema wacha likae kwa gemu kwanza.

Basi jitu likampiga Dennis, akayumba tu, hakuanguka. Faith akasema, "Kipkemoi anakimbia kumtibu." Nikamgeuzia jitu, nikarusha dadu, pigo likaingia moja kwa moja kwa hiyo shuka, na kwa ile furaha ya hatimaye kuangusha mtu nikapanda juu ya kiti nikicheka, nikapiga kelele, "Kipkemoi amekufa! Leteni jeneza!"

Nikageuka, kumbe Mama Faith amesimama mlangoni na chupa ya chai, na wamama wawili wa kanisa nyuma yake.

"Nani amekufa?" akauliza.

Si ningenyamaza! "Si ule wa ukweli, Mama, ni huyu wa gemu, ule wa ukweli alisha..." Na bado niko juu ya kiti. Nikaruka chini nimpokee chai, nikagonga chupa, ikapasuka miguuni pake. Dennis akaninong'oneza, "Mfufue bana, si gemu ni yako?" Na mimi, mjinga, nikasema kwa sauti, "Amefufuka, Mama."

"Usiniambie hivyo, mtoto wangu," akasema. Akakaa. "Mimi hukaa jikoni nikiwasikiliza. Kipkemoi, pita hapa. Kipkemoi, ngoja wenzako. Hakuna mahali pengine anaitwa."

Woi. Faith alianza kulia, na mimi nikaokota vigae vya chupa kwa mikono, sikujua kitu kingine cha kufanya.

Nimeapa sitaliongezea jitu nguvu kwa hasira tena. Dennis ashinde tu, ashinde mpaka achoke. Lakini siku hizi tunachezea kwa kina Dennis, Faith haji, na Jumapili mamake hukaa jikoni na hakuna mtu analiita jina la Kipkemoi.