Kalieni Mikono

Ipo siku moja ya ujana wangu, mjukuu wangu Salim, ambayo nikisikia tu harufu ya kabichi ya kuchemsha hunirudia yote, hata nikiwa ndani ya lifti hapa Thamesmead na majirani. Sikupata kukuhadithia kwa sababu sikuona haja. Jana umenionyesha haja. Weka hiyo simu, unisikilize, na usinijibu mpaka nimalize, maana nimekasirika, na hasira ya mzee haitaki kukatizwa.

Jana wale vijana waliofunika nyuso walikukuta kwenye ngazi, wakakuuliza rafiki yako Emmanuel anakaa mlango upi. Nawe ukanyoosha kidole. Mlango wa watu ukapigwa mateke mpaka ukang'oka bawaba, na ni rehema ya Mungu tu kwamba mtoto na mama yake walikuwa hawajarudi. Nilipokuuliza ukaniambia, "Bibi, they only asked!" Wameuliza tu, ati! Basi hata waliomchukua baba yangu waliuliza tu.

Nilikuwa mtoto mdogo Unguja, Mapinduzi yamekwisha pita lakini watu bado wanachukuliwa majumbani. Walikuja wenye bunduki mtaani kwetu, na baba hawakumjua kwa sura. Jirani yetu mmoja, aliyekuwa akifuturu nasi sinia moja kila Ramadhani, alisimama barazani akanyoosha kidole: huyo hapo. Hakupigwa, hakutishwa. Baba hakurudi tena. Shangazi aliyenileta huku Uingereza alikuwa na neno lake moja, "Mla nawe hafi nawe, ila mzaliwa nawe," nami nikalimeza zima zima. Nikakua nikiamini kwamba nisiyezaliwa naye hanihusu.

Ndivyo nilivyoingia shule ya bweni, kusini mwa jiji hili, kwa hisani ya wafadhili. Mwalimu Mkuu alikuwa bibi wa lulu shingoni na sauti ya taratibu, na sauti za taratibu ndizo za kuogopwa. Siku moja nikawekewa soseji ya nguruwe na kabichi ya kuchemsha ya kila siku. Nikasema dini yangu hairuhusu. Akasema, "Hapa tunakula tulichopewa, na hutainuka mpaka umalize." Nikakaa pale machozi yananidondoka kwenye sahani.

Mbele yangu alikaa Harjit, Kalasinga wa kutoka Kisumu, ambaye wazazi wake walikuwa wamehamia Southall. Yeye soseji ile dini yake haikumkataza, na mimi hata salamu nilikuwa simpi. Akasukuma sahani yake, akaiingiza mikono yote miwili chini ya mapaja, akaikalia. "Zuhura asipokula, mimi sili," akasema. Kisha kwa Kiswahili chake cha bara, "Wasichana, kalieni mikono. Hakuna mtu atagusa kijiko."

Wenzetu wa Afrika Mashariki wakaikalia. Kesho yake na Waingereza kadhaa, wengine kwa huruma na wengine, sitakuficha, kwa kuichoka ile kabichi. Meza baada ya meza, mikono chini ya mapaja, kimya, chakula kinapoa. Mwalimu Mkuu alituita wakaidi, akatunyima ruhusa za kutoka, akatuhutubia juu ya utii mpaka masikio yakatuuma. Mwisho nikaletewa yai. Lakini jina la ukaidi likatuganda.

Sasa sikiliza. Muhula ule ule, mchana, tumekaa kula, mlango wa bwalo ukafunguliwa kwa kishindo wakaingia wanaume watatu na bunduki. Mmoja mrefu, koti la mvua limemfika magotini, ndiye aliyekuwa msemaji. Walimtaka binti wa balozi wa nchi yao. Wenzao walikuwa wamefungwa huko kwao, na walitaka kumshika mtoto ili wafunguliwe. Jina walilijua, Esta. Sura hawakuijua, na wasichana weusi bwaloni tulikuwa wengi.

"Mtuonyeshe tu ni nani," akasema yule mrefu. "Wengine wote mtakwenda zenu."

Tu! Neno hilo dogo lina damu nyingi, mwanangu.

Esta alikuwa ubavuni mwangu. Nilimsikia akivuta pumzi asimame mwenyewe, mtoto wa watu, ajitoe ili sisi tupone. Nikauweka mguu wangu juu ya wake nikaukandamiza. Kwa nini? Sikumzaa, hakunizaa, tulikuwa hatupatani hata kwa kitanda cha dirishani. Lakini nilimwona jirani yetu barazani, nikaona kidole chake, na moyo ukawaka kwa hasira hata hofu ikakosa pa kukaa.

Ndipo Mwalimu Mkuu, akiwa amesimama karibu na meza ya walimu, akatamka kwa ile sauti yake ya taratibu: "Wasichana, anayemjua aonyeshe. Tuyamalize, kila mtu arudi salama." Wallahi nimezeeka, na maneno yale bado yananichoma. Yeye mwenyewe alimjua Esta. Alitaka tu mkono wa mtoto ufanye kazi ambayo wake uliionea haya.

 Nikasikia, polepole, kwa lafudhi ile ile ya Kisumu: "Kalieni mikono."

Nikaikalia. Esta akaikalia. Nikageuka nikaona meza zote, weusi, wahindi, weupe, kila msichana anaingiza mikono chini ya mapaja. Wengi wao Kiswahili hawakukijua, ila maneno yale mawili waliyajifunza kwenye mgomo wa soseji. Alikuwapo kiranja mmoja, Margaret, aliyekuwa akitushtaki kwa walimu wakati wa mgomo. Yule mrefu akamwendea, akamwekea bunduki shavuni, akamwambia aonyeshe.  Mikono ya Margaret ikashuka, ikaenda chini ya mapaja. Nikamsamehe yote siku hiyo.

Wakampiga Harjit kwa kitako cha bunduki, hapa juu ya nyusi. Damu ikamwingia jichoni, hata mkono wa kuipangusa hakuutoa. Watu watatu wenye silaha walituzunguka mchana wote, wanatukana, wanabembeleza, wanahesabu kwa sauti, na mbele yao ni kimya cha watoto waliokwisha zoea kukaa na njaa. Polisi nao walikwisha zingira nje. Jua lilipoanza kushuka, yule mrefu aliketi mezani, akaiweka bunduki chini, akajishika kichwa. Wakatoka mikono juu. Hakupotea mtoto hata mmoja.

Unadhani tulishukuriwa? Mwalimu Mkuu aliwaambia waandishi wa habari kwamba nidhamu ya shule yake ndiyo iliyotuokoa. Nidhamu! Na muhula uliofuata Esta hakupokewa, ati anawaletea wenzake hatari. Aliyenusurika kutolewa kwa bunduki akatolewa kwa adabu. Nina hasira naye hadi leo, na siombi radhi.

Ndipo nilipojua kwamba neno la shangazi lina mwisho wake. Jirani alikula nasi akatuuza. Harjit hakuzaliwa nami wala dini yetu haikuwa moja, na alikuwa tayari kufa nami.

Basi nasaha yangu ni hii, mwanangu. Mwenye nguvu hawezi peke yake. Kila mara humwomba mdogo amsaidie kwa kitu chepesi, na kitu hicho huwa ni kidole. Atakuambia ni swali tu. Usimpe. Ukiogopa, ogopa, hata mimi niliogopa, lakini mikono yako ikalie. Na wakikuita mkaidi kwa ajili hiyo, lichukue jina hilo ulivae kama kanzu ya Idi.

Sasa inuka ulete viatu. Jana nilimpigia simu Harjit. Kovu analo mpaka leo, na duka la vitambaa analo pale Southall. Sikumaliza hata kueleza, akasema, "Walete." Emmanuel na mama yake wamelala ghorofani kwake, juu ya duka. Tunakwenda huko hivi sasa kwa treni, wewe na mimi. Hutajitetea, hutasema waliuliza tu. Utawaomba radhi, kisha utampa Emmanuel mkono. Mkono mzima, Salim, si kidole.

Mola akulinde na vidole vya watu, na kabla ya hapo akulinde na chako mwenyewe. Amina. Haya, twende.